Asubuhi Ngurumo Aliponyamaza

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, na hata nyumbani mkewe akikasirika, aliitwa Ngurumo, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akikusalimia jikoni, vikombe viliitikia kabla yako. Akipiga simu, majirani waliyajua mazungumzo yote, na mara nyingine waliingilia kati kumpa ushauri kupitia dirishani. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe hajawahi kuwa na siri maishani mwake, si kwa kuwa ni mkweli sana, bali kwa kuwa hana pa kuzifichia.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa riziki. Aliajiriwa kwenye bustani ya wanyama akiwa kijana, kazi yake kufyeka nyasi. Siku moja akamwona mgeni amepanda juu ya ukuta wa bwawa la mamba, amening'iniza miguu upande wa ndani ili apigwe picha. Ngurumo alikuwa mbali, ng'ambo ya bwawa, fyekeo mkononi. Akafoka mara moja tu: "Wewe! Shuka!" Yule mgeni alishuka upesi, na watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakasimama wote, kila mmoja akidhani anaambiwa yeye. Mkurugenzi wa wakati huo akatoka ofisini kuuliza ni nani amewasha kipaza sauti bila ruhusa. Alipoambiwa kwamba hakuna kipaza sauti, ni mfyeka nyasi tu, aliguna, akacheka, na kesho yake akampa kipaza sauti.

Tangu hapo Ngurumo hakushika tena fyekeo. Vipaza vikafungwa kwenye nguzo, kuanzia langoni hadi kwa viboko, naye akawa anakaa kwenye kibanda kilichoinuliwa katikati ya bustani akitangaza kutwa nzima. "Mabibi na mabwana, tembo wetu anakwenda kuoga sasa hivi, na yeye haoni aibu kutazamwa!" "Mzee mwenye kofia nyekundu, mkeo anakutafuta kwa nyani, nenda kabla hajachagua mwingine!" Watu walivunjika mbavu. Kuna waliolipa kiingilio kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya simba, na simba mwenyewe, kama walivyotania wafanyakazi, alikuwa ameacha kunguruma kwa kuona haya.

Kisha akazaliwa Punje.

Punje alikuwa mtoto wa binti yake wa pekee, mjukuu wa kwanza. Alizaliwa mdogo kama punje ya mtama, na hilo jina la utani likamganda. Ngurumo alimpenda kwa namna iliyomshangaza yeye mwenyewe. Alimnunulia viatu kabla hajaweza kukaa. Lakini kila alipofika kwa binti yake na kupiga hodi kwa ile sauti yake, mtoto alilia mpaka akakauka. Alipoanza kutambaa, alitambaa kwenda chini ya meza. Alipoanza kutembea, alitembea kwenda chini ya meza hiyohiyo, viganja vimebana masikio, na huko alibaki mpaka babu aage.

Binti yake alimweleza, mara nyingi na kwa subira. Punje ana usonji. Maneno yake ni machache na huyatoa anapotaka yeye. Sauti ambayo kwa mwingine ni kelele ya kawaida, kwake ni kama sindano. "Baba, si wewe," alimwambia. "Ni sauti. Hata blenda hatuitumii siku hizi."

"Nimeelewa, mwanangu," Ngurumo alisema, na vikombe vikatetemeka.

Alikuwa anaelewa kwa kichwa. Kwa moyo alijua jambo moja tu: mjukuu wake hampendi. Basi akawa haendi mara kwa mara. Alituma matunda na midoli, akauliza hali kupitia kwa mkewe, na kazini akawasimulia watu kuhusu Punje kana kwamba kila Jumapili wanacheza pamoja uani.

Jambo moja lilimkereketa. Kwa nini binti yake hajawahi kumleta mtoto kwenye bustani? Watoto wa mji mzima wanakuja kumsikiliza babu wa Punje, isipokuwa Punje. Jioni moja, wakinywa chai, akamuuliza mkewe. Mkewe akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Alimleta," akasema.

"Lini?"

"Sikukuu ya mwaka juzi. Alitaka kukushtukiza. Hawakupita hata langoni. Palikuwa na foleni, jua kali, mlinzi anapuliza filimbi, kile chuma cha kupitia mtu mmoja mmoja kinalia kwa! kwa! kwa! Halafu wewe ukaanza kutangaza. Kipaza cha langoni kipo juu kabisa ya vichwa vya watu. Mtoto akajitupa chini, akapiga kelele, akajigonga kichwa kwenye saruji. Watu wakasimama kutazama. Mmoja akamwambia mwanao, 'Mama, mfunze mtoto wako adabu.' Akambeba, akarudi naye nyumbani."

Ngurumo aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alikuwa ametangaza, kwa mbwembwe zote, kwamba kuna mtoto langoni analia kwa furaha ya kuwaona wanyama.

Hakumaliza chai yake. Mkewe alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba yao ilinyamaza naye akiwa ndani.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Huyu alikuwa mama wa makamo, daktari wa mifugo kwa kusomea, mwenye mikono yenye makovu ya kung'atwa na kila aina ya mnyama. Ngurumo alivua kofia.

"Bosi, nataka vipaza vizimwe."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umepata kazi kwingine?"

"Nisikilize kwanza, mama." Akamweleza yote, tangu chini ya meza mpaka langoni. Alipofika kwenye lile tangazo lake, sauti ilimkatika, na kwa mtu kama yeye hilo lilitisha kuliko kelele.

Mkurugenzi akasema ana mpwa wake wa aina hiyo, na kwamba dada yake naye hajawahi kufika hapo, na yeye, kwa aibu yake, hajawahi kumuuliza sababu. Wakakubaliana: Jumapili moja, asubuhi na mapema kabla ya milango kufunguliwa kwa watu wote, familia zenye watoto kama hao, na wenye viti vya magurudumu, na wazee wasioweza kusukumana, waingie kwa utaratibu wao. Vipaza vizimwe. Filimbi zibaki mifukoni. "Lakini mimi na wewe hatujui kinachowasumbua," Mkurugenzi akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlete anayekilalia."

Binti yake alikuja siku ya katikati ya wiki, Punje akiwa shuleni. Alikuja na shaka usoni, kama mtu anayeitwa na fundi aliyekwisha kumwangusha. Pamoja naye Ngurumo alimwita rafiki yake wa siku nyingi, fundi redio wa pale mtaani, mtu mcheshi ambaye miguu yake ilikufa ganzi baada ya ajali na sasa alikwenda kila mahali kwa kiti cha magurudumu. Fundi naye hakuwa amewahi kuingia.

Wakazunguka bustani nzima, na Ngurumo, aliyedhani anaijua kama kiganja chake, alijiona mgeni. Binti yake alisimama kwenye choo, akaweka mikono chini ya mashine ya kukaushia, nayo ikavuma. "Hii peke yake inatosha kuharibu siku," akasema. Kwenye nyumba ya nyoka aliinua macho: taa moja ilikuwa inapepesa, na wafanyakazi waliizoea hata hawaioni tena. Kwa nyani alisema harufu haiwezi kuondolewa, ila watu waambiwe mapema ili anayetaka apite njia ya pili. Alitaka watoto wapewe picha za bustani siku kadhaa kabla: lango ni hili, njia ni hii, ukitoka hapa unafika pale. "Punje akijua kinachokuja, nusu ya kazi imekwisha. Kinachomtisha ni kushtukizwa." Kisha akaongeza, bila kumtazama baba yake, "Nami nilijifunza hilo kwa kutaka kumshtukiza mtu."

Ngurumo akaandika kiganjani: picha.

Fundi kwa upande wake alikuwa anakagua ardhi. Kwenye njia ya kwenda kwa twiga, magurudumu yalizama kwenye kokoto. "Njia hii mmewatengenezea mbuzi," akasema. Kwenye mteremko wa kobe alimwomba Ngurumo amshike kiti, wakaenda mbio wote wawili mpaka chini, nusura waingie kwa kobe. Walipofika bwawa la mamba, Fundi aliegesha kiti chake mbele ya ule ukuta. Ulikuwa umempita kichwa.

"Mamba yuko wapi?" akauliza.

"Yupo hapo nyuma, amelala."

"Basi nimeuona ukuta wake. Ni ukuta mzuri."

Walicheka, lakini Mkurugenzi aliyekuwa amewafuata hakucheka. Kabla ya mwezi kwisha, kipande cha ukuta kilibomolewa, pakawekwa kioo kinene kuanzia chini. Kokoto zikaondolewa, njia ikasakafiwa. Ghala la zamani la majani ya kulishia wanyama likasafishwa, likatandikwa mikeka na mito, likawa chumba cha kupumzikia kwa yeyote atakayezidiwa. Mashine za chooni zikazimwa, zikawekwa taulo. Taa ya nyoka ikabadilishwa.

Wakabakiwa na tausi. Tausi yule alitembea huru bustanini, na kilio chake kilipasua anga wakati wowote apendao. Mmoja akasema afungiwe. Mwingine akasema apelekwe likizo. "Tausi hana swichi," Mkurugenzi akakata shauri. "Tukimfungia atalia zaidi. Tutasema ukweli: yupo, analia, hatujui saa. Wenye vifuniko vya masikio wavae."

Na wakabakiwa na Ngurumo.

Alijizoeza kunong'ona nyumbani. Alisimama mbele ya kioo, akavuta pumzi, akasema, "Karibuni sana." Mkewe, aliyekuwa chumba cha pili, akaitikia, "Asante, lakini mimi naishi hapa." Akajaribu tena. "Bado," mkewe akasema. "Unanong'ona kama trekta." Kila jioni wakafanya mazoezi, yeye upande mmoja wa meza, mkewe upande wa pili na ufumaji wake, akimwonyesha kwa sindano: shusha, shusha, shusha. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakujua pa kuiweka sauti ikishuka. Maisha yake yote alikuwa ameitupa nje kama mtu anayemwaga maji ya kufulia. Kuishika ndani kulimchosha zaidi ya kufyeka.

Siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, alimpigia simu binti yake. Alisema ameamua kwamba siku yenyewe atakaa ghalani, mlango umefungwa. Atapanga mito. Hataki kuharibu.

"Baba," binti yake akasema, "mimi namleta mtoto kumwona babu yake. Simba namwonyesha hata kwenye kitabu. Ukijifungia ghalani, sisi hatuji."

"Na nikimliza?"

"Atalia. Halafu atanyamaza. Mtoto wangu si yai."

Jumapili ikafika, mawingu mepesi, hewa ya baridi kidogo. Familia zilianza kuingia moja moja, hakuna foleni. Kile chuma cha langoni kilikuwa kimeng'olewa kabisa, lango liko wazi. Ngurumo alisimama kando na sare yake iliyopigwa pasi, akiinamisha kichwa kwa kila mtu. "Karibuni," alisema, na baba mmoja aliyemjua akamsogelea na kumuuliza kwa wasiwasi kama ana kidonda cha koo.

Watu walikuja na namna zao. Kijana mkubwa alikuwa ameshika kamba ya begi la mama yake na kuhesabu vigae vya njiani. Watoto pacha walizunguka palepale kama pia, na hakuna aliyewaambia waache. Bibi mmoja alisukumwa na wajukuu zake kwa zamu. Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mamba, akaegesha, akakaa uso kwa uso na yule mnyama, kioo katikati. Ngurumo alipompitia muda mrefu baadaye alimkuta bado hapo. "Mzee," alimwambia Ngurumo, "miaka yote hii watu wananisimulia. Kumbe ana meno mabaya kuliko yangu."

Punje aliingia ameshika picha zake, zimekunjwakunjwa kwa kutazamwa. Alivaa vifuniko vikubwa vya masikio vilivyomfanya aonekane rubani mdogo. Alitazama lango, akatazama picha, akaridhika. Alipita karibu na babu yake bila kumwangalia. Ngurumo hakusema hata ile "karibuni". Alitembea nyuma yao, mbali kidogo, mikono mgongoni, kama mlinzi asiyejua analinda nini.

Twiga hakumvutia Punje. Pundamilia naye aliachwa vivihivi. Tembo alikuwa anaoga, jambo ambalo watu hulipia, lakini Punje alimpita kama anavyopitwa jirani mwenye maneno mengi. Ni kwa kobe ndipo aliposimama. Kobe mkubwa alikuwa anatafuna jani la kabichi, taratibu, jani likiingia mdomoni kidogokidogo. Punje akalala kifudifudi kwenye nyasi ili macho yake yawe sawa na macho ya kobe. Akavua vifuniko, akaviweka kando, akasikiliza. Kabichi ilikuwa inalia kwa sauti ndogo sana: kru, kru.

Binti alimgeukia baba yake, akampungia mkono asogee. Ngurumo akasogea. Alisita, akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi, kisha akalala kifudifudi naye, mwili wote ule, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mjukuu wake. Mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akipita na ndoo alidhani ameanguka, akataka kuita msaada. Mkurugenzi akamshika bega.

Walilala hivyo kwa muda. Kobe akala jani la pili. Ngurumo aligundua kwamba hajawahi kumsikia kobe akila, ingawa alikuwa amemtangaza kwa watu maelfu. Aligundua pia kwamba Punje, akiwa ametulia, huguna kidogo puani, wimbo usio na maneno. Hakuwahi kukaa karibu naye kiasi cha kuusikia.

Ndipo tausi akalia.

Alilia kutoka juu ya paa la ghala, kilio kirefu kama lango kubwa lisilotiwa mafuta. Punje aliruka, mikono masikioni, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Vifuniko vilikuwa nyasini na hakuviona. Mama yake alikwisha kupiga magoti. Lakini mtoto alijisukuma upande wa pili, kichwa mbele, kikagota kwenye tumbo la babu yake aliyekuwa anajaribu kuinuka. Akaishika ile mikono mikubwa, mmoja baada ya mwingine, akaibandika juu ya mikono yake midogo, akaikandamiza.

Mikono ya Ngurumo ilikuwa mikubwa kiasi kwamba ilifunika masikio, mashavu na nusu ya kichwa. Tausi alilia tena, na tena, kisha akachoka, akaendelea na maisha yake. Punje alibaki pale. Babu yake alimtazama binti yake juu ya kile kichwa kidogo, machozi yakimtiririka waziwazi, na midomo yake ikauliza bila sauti: "Nifanye nini?"

"Shika tu hivyohivyo," binti akajibu.

Mtoto alipotosheka, aliiondoa mikono ya babu kama mtu anayevua kofia, akairudisha kwa mwenyewe, akalala tena kifudifudi. Kobe alikuwa kwenye jani la tatu.

Si kila kitu kilikwenda sawa asubuhi hiyo. Kijana wa kuhesabu vigae alifika mahali palipokuwa na kigae kilichovunjika, akashindwa kuendelea, akalia sana, ikabidi wampitishe ghalani apumzike mpaka mwisho. Mama yake alikaa naye mikekani. Alimwambia Mkurugenzi kwamba amezoea mwanawe kulia mbele za watu. Ambalo hakulizoea ni watu kuendelea na mambo yao bila kumkodolea macho. Akaomba kigae kirekebishwe, na kikarekebishwa.

Asubuhi za namna ile zikawa jambo la kawaida pale bustanini, kila mwezi. Kipaza cha langoni kilishushwa, hakikurudishwa. Siku nyingine zote Ngurumo hutangaza kama zamani, kwa sababu kuna watu wanaompenda hivyo, na kwa kweli yeye mwenyewe anapenda. Ila sasa huuliza kwanza ni nani amefika langoni kabla ya kumtolea maneno.

Kwa binti yake anakwenda kila Jumapili. Hapigi hodi, anabisha kwa kidole kimoja na kusubiri. Wakati mwingine Punje anakwenda chini ya meza hata hivyo, kwa kuwa ni mahali pake, na babu anakaa sakafuni karibu na mguu wa meza, akimenya chungwa. Mkewe analalamika kwamba mzee amezidisha. Siku hizi humnong'oneza hata anapomwomba chumvi, na yeye uzee umeanza kumziba masikio.

"Sema kwa nguvu, baba wee," anamwambia. "Hapa hakuna mtoto."

Punje bado hajamtazama tembo. Mama yake anasema tembo ameanza kununa.